Samaki wa bwawa wanaobaki vibete: tuangalie maji kabla ya kulaumu mbegu



Katika mikutano yetu na vikundi vya kwetu Vulamba, kutoka Butembo mpaka Beni, kuna swali moja linalorudi kila mara. Watu wanaliuliza hivi: «Samaki yangu iko inakula, lakini haikomae. Mwaka muzima inabaki kama kidole. Ni mbegu gani hii mulituletea?»

Swali hili si dogo. Mutu amechimba bwawa kwa jembe na beleshi majuma mengi, pengine kwa salongo ya majirani. Pale alipochimba palikuwa shamba la maharagi au la majani ya kuuzisha. Kisha amekopa pesa katika kikundi cha akiba ili anunue watoto wa samaki, wale tunaowaita alevini. Siku ya kuvua inafika, anatoa ndoo mbili tatu za samaki wadogo. Mama muuzaji anaziangalia, anasema: «Hizi ni za kupikia batoto tu, siwezi kuzipeleka ku soko.» Deni la kikundi linabaki palepale. Hapo ndipo wengi wanafunga bwawa na kurudilia maharagi.

Katika gazeti hili tunataka kusema jambo moja: mara nyingi mbegu si mbaya. Samaki anabaki kibete kwa sababu mbili tofauti. Ya kwanza ni kuwa wengi kupita kipimo cha maji. Ya pili ni baridi pamoja na njaa. Kwa macho, samaki wa shida hizi mbili wanafanana. Lakini dawa zao hazifanani kabisa, na mutu asiyejua shida yake ni ipi atatumia pesa bure.

Vibete wa asili na vibete wa shida

Tilapia yetu ni wa jamaa kubwa ya samaki wanaoitwa siklidi. Maziwa ya Afrika ya Mashariki yamejaa jamaa hiyo. Katika Ziwa Edward, pale Kyavinyonge na Vitshumbi, tilapia anaishi pamoja na ndugu zake wengi wadogo wasiopita urefu wa kidole, hata wakizeeka. Katika Ziwa Tanganyika kuna siklidi mudogo zaidi anayeishi ndani ya ganda la konokono. Dume lake halipiti sentimita 5 hivi. Huyo ni kibete kwa asili. Mungu amemuumba hivyo, na hata umupe chakula gani hatakuwa mukubwa.

Huko Ulaya na Marekani watu wananunua hao siklidi wadogo na kuwafuga nyumbani ndani ya sanduku la kioo, si kwa kula, ni kwa kuwaangalia tu. Tunawataja hapa kwa sababu wafugaji hao wamejifunza mambo ambayo sisi wa bwawa tunayasahau. Samaki hao ni dhaifu, wanakufa haraka maji yakibadilika kwa ghafula. Kwa hiyo mwenye sanduku anapima joto la maji, anahesabu samaki kabla ya kuwatia, na samaki mugeni anamuweka kwanza mu chombo chake peke yake ili asilete ugonjwa. Maji anayabadilisha kidogo kidogo, hayamwagi yote mara moja. Wakizaa kupita nafasi, anawaondoa.

Tilapia wetu si kibete kwa asili. Aina ya niloticus, ambayo wengi wetu tunaifuga, inaweza kupita kilo mbili katika ziwa. Akibaki gramu 15 mu bwawa lako, huyo ni kibete wa shida, na shida yake ina dawa.

Bwawa lina kilo zake

Tuchukue mufano wa bwawa la metre 10 kwa 20, ni kusema metre karé 200. Tuseme kwa mbolea na chakula unachotia, bwawa hilo linaweza kubeba kilo 54 za samaki. Kilo hizo ni kama sahani moja ya ugali ku meza.

Kama mu bwawa kuna samaki 360, kila mumoja atafika gramu 150. Huyo anauzika vizuri, na samaki wawili wanatosha kupikia jamaa ndogo. Kama kuna samaki 4,000, sahani ni ileile, kilo ni zilezile 54, lakini kila mumoja atapata gramu 13 na nusu tu. Hakuna mbegu ya kigeni itakayobadilisha hesabu hiyo. Utanunua alevini wapya kwa bei kali, utawatupa ndani ya wale 4,000, nao watakuwa vibete kama wenzao.

Lakini samaki 4,000 walitoka wapi, kama mutu alitia 400? Ni tilapia mwenyewe. Dume anachimba kiota chini ya maji, kama bakuli. Jike anataga pale, kisha anakusanya mayai mu kinywa chake na kuyalinda humo. Yanaanguliwa ndani ya siku chache, na watoto wanakaa karibu na kinywa cha mama mpaka wanaweza kujitafutia chakula. Wakati huo wote mama hali vizuri, na ndiyo sababu majike wanabaki wadogo kuliko madume. Jike wa gramu 100 anatoa mayai kama mia moja kwa mara moja, jike mukubwa anapita elfu moja. Maji yakiwa ya joto, anaweza kurudilia kila majuma 4 mpaka 6.

Jambo linaloshangaza wengi ni hili: tilapia aliyebanwa na njaa haachi kuzaa. Kinyume chake, anaanza mapema. Katika ziwa anangoja awe mukubwa. Katika bwawa lililojaa, anaweza kuanza akiwa na gramu 20 au 30 tu. Kwa hiyo unaona samaki mwenye urefu wa kidole akiwa na watoto mu kinywa. Si mutoto huyo. Ni mama mwenye kuzeeka bila kukomaa.

Baridi ya milima yetu

Shida ya pili inatoka mu hewa. Butembo iko juu ya metre 1,700. Beni iko chini zaidi, metre elfu moja na kidogo. Ziwa Edward liko metre 912. Kila ukipanda, maji yanapoa. Tilapia anapenda maji ya digrii 27 mpaka 30. Chini ya digrii 20 anakula kidogo sana, na uzazi unasimama. Maji yakishuka mpaka digrii 11 au 12, anakufa. Sisi hatufiki pale pa kufa, lakini katika mabwawa ya Lubero, ya Kyondo na ya pembeni ya Butembo, asubuhi maji yanakuwa karibu na ule mupaka wa digrii 20, na samaki anakaa chini bila kufungua kinywa.

Hatuko peke yetu katika shida hii. Wenzetu wa Rwanda nao wana milima, na kituo cha samaki cha Rwasave, karibu na Butare, ambacho kiko juu ya metre 1,600, kilifanya kazi nyingi juu ya tilapia wa nchi za baridi. Tilapia anawezekana mu milima, lakini anakomaa polepole. Kule chini mutu anavua baada ya miezi 6. Huku juu inabidi kungoja miezi 9, 10, hata mwaka. Mufugaji wa Butembo anayefuata kalenda ya Mutwanga atavunjika moyo bure.

Basi namna gani kujua shida yako? Chukua wavu au kipande cha chandarua kilichochakaa, ukokote mu bwawa sehemu tatu. Angalia unachopata.

Ukiona samaki wa vimo vyote, wakubwa kidogo, wadogo, na wengine kama punje ya muchele, bwawa lako limejaa. Shida ni wingi. Hii ndiyo tunaiona sana upande wa Beni, Mutwanga na bonde la Semliki, kwenye joto.

Ukiona samaki wa kimo kimoja, wembamba, wenye kichwa kikubwa kuliko mwili, na hakuna watoto, shida ni baridi au njaa, mara nyingi zote mbili. Hii ndiyo ya Butembo na juu yake.

Ukiona yote pamoja, tilapia wengi na wembamba, pengine bwawa halijatolewa maji miaka miwili au mitatu. Hapo anza upya: vua wote, kausha, halafu utie tena kwa hesabu.

Dawa ya baridi na njaa

Kosa la kwanza tunaloliona ku milima ni mufereji unaoingia mu bwawa usiku na mchana. Watu wanafikiri samaki anapenda maji yanayotembea kama mu muto. Lakini maji ya mulima ni ya baridi, na yale yanayotoka yanabeba mbolea yote uliyotia. Ni kama kupasha moto nyumba na mulango wazi. Funga mufereji. Uufungue tu kurudisha yale yanayokauka na jua au yanayovuja, na ikiwezekana ufanye hivyo mchana. Uufungue pia mara moja ukiona samaki wote wako juu asubuhi wakihema kwa kinywa, kwa sababu hapo hewa mu maji imekosekana.

Pili, katakata miti na matawi yanayotia kivuli. Bwawa linahitaji jua. Migomba pembeni ni mizuri kwa udongo, lakini isisimame upande wa jua la asubuhi.

Tatu, maji yawe ya kijani. Chakula cha kwanza cha tilapia ni vile vijimea vidogo vinavyofanya maji kuwa kijani, na hivyo vinaota kwa mbolea. Pigilia miti ya bambu mu kona mbili za bwawa, ufanye kama zizi dogo ndani ya maji. Mazizi hayo mawili pamoja yachukue sehemu moja ya kumi ya bwawa: kwa metre karé 200, ni metre karé 20. Jaza humo majani mabichi, maganda ya ndizi, mavi ya mbuzi, ya kuku au ya nguruwe. Kila juma ongeza, na ukoroge kwa muti.

Kipimo ni mukono wako. Ingiza mukono mu maji mpaka ku kisigino cha mukono. Kama unaona bado vidole vyako vizuri, mbolea haitoshi. Kama kiganja kinapotea wakati maji yanafika ku kisigino, ni sawa. Kama kinapotea mapema, maji yakiwa bado ku kifundo, acha kutia mbolea siku kadhaa, kwa sababu usiku hewa itapunguka na samaki watahema.

Ine, chakula cha kuongeza. Pumba za muchele au za mahindi, machicha ya kasiksi, muchwa, majani ya matembele na ya mipapai yaliyokatwakatwa, vyote vinafaa. Kwa siku, toa karibu kilo 3 mpaka 5 kwa kila kilo 100 za samaki walio mu bwawa. Kama una samaki 400 wa gramu 50, hizo ni kilo 20 za samaki, basi gramu 600 mpaka kilo moja inatosha. Toa pahali pamoja na saa moja, kisha saa nne za asubuhi maji yakiwa yamepata jua, siyo alfajiri. Huku juu samaki wa alfajiri hali, chakula kinaoza chini. Kama kesho yake unakuta chakula cha jana, punguza.

Dawa ya wingi

Ya kwanza ni kuhesabu siku ya kutia. Kwa bwawa la mbolea na pumba, alevini 2 kwa kila metre karé wanatosha. Metre karé 200 ni alevini 400. Muuzaji akikupa «ndoo moja» bila hesabu, mwambie mwenzako akusaidie kuhesabu. Hii si kumukosea heshima, ni hesabu ya mavuno yako.

Ya pili ni kuvua kwa wakati na kutoa maji yote. Wengine wanapenda kuvua kwa ndoana, wakichagua wakubwa na kuacha wadogo «bakomae». Lakini wale wadogo wanaobaki ndio wenye kuzaa, na kila mwezi wanaongezeka. Mukifika mwisho wa musimu, kausha bwawa kabisa. Acha jua lichome udongo mpaka upasuke. Kwenye matope yanayobaki na maji, tia chokaa au majivu, kwa sababu tilapia wadogo wanajificha humo na kuanza kuzaa tena mbele ya wapya.

Ya tatu ni kutoa watoto katikati ya musimu. Kila mwezi pitisha wavu wa matundu madogo pembeni, asubuhi, mahali watoto wanapotembea kwa kikundi. Wape bata, kuku, nguruwe, au uwauzishe kama alevini. Tunaomba jambo moja: tumia chandarua kilichochakaa, siyo kile ambacho watoto wanalalia. Malaria inaua kupita njaa ya samaki.

Ya ine ni kambare. Ukitia kambare wadogo kati ya tilapia, watakula wale watoto wanaozaliwa. Lakini kambare aingie nyuma, mwezi mmoja au miwili kisha tilapia, na awe mudogo kuliko tilapia. Akiwa mukubwa atakula mbegu yako yenyewe. Kwa tilapia 400, kambare 20 mpaka 40 wanatosha kuanza.

Ya tano ni kutenga madume na majike. Samaki akifika gramu 30 hivi, sentimita 10 mpaka 12, mugeuze tumbo juu ndani ya mukono wenye maji. Nyuma ya tundu la haja kuna kinundu kidogo. Dume ana tundu moja pale, kwa hiyo yote pamoja ni mawili. Jike ana mawili, yote pamoja ni matatu, na lile la katikati ni kama mustari wa kulala. Mwanzoni mutakosea wawili watatu. Kidole chenye wino kidogo kinasaidia kuona. Madume peke yao mu bwawa moja hawazai, na wanakomaa haraka. Majike mutawala nyumbani au kuwauza mapema.

Namna ya kupokea alevini

Alevini ndio dhaifu kabisa. Hapa ndipo tunafanana na wale wenye masanduku ya kioo. Wengi wanapoteza nusu ya alevini siku ya kwanza, halafu hawajui, kwa sababu samaki aliyekufa anazama na chura anamukula.

Kabla ya safari, alevini wakae siku moja bila kula, ndani ya wavu uliofungwa mu maji safi. Wenye tumbo tupu hawachafui maji ya bidoni. Wasafirishe asubuhi mapema au jioni, bidoni ifungwe kitambaa kilicholowa, isijae maji mpaka juu ili hewa ipate nafasi. Usiwashike kwa mukono mukavu. Ule ute ulio juu ya magamba ndio nguo yao, ukitoka ugonjwa wa kuvu unaingia.

Ukifika, hapana kumwaga mara moja. Weka bidoni au mufuko ndani ya bwawa, ielee dakika 15 mpaka 30, ili joto lilingane. Kisha fungua, ingiza maji ya bwawa kikombe kwa kikombe. Mwishowe inamisha, waache watoke wenyewe. Alevini waliotoka Beni kwenye joto wakiingizwa ghafula mu maji ya Butembo wanapigwa na baridi. Wengine wanakufa palepale, wengine baada ya siku mbili.

Juma la kwanza, ulinzi. Kata majani marefu pembeni, toa mayai ya vyura, weka kamba au matawi juu ya maji kuzuia ndege mudidimizi na korongo. Ku mulango wa maji, funga wavu ili samaki wa mutoni wasiingie.

Kazi ambayo kooperative tu inaweza

Hapa kuna nafasi ambayo hatujaitumia vizuri. Wanamemba wa upande wa Beni wana joto, wana alevini wengi kupita, na hiyo ndiyo shida yao. Wanamemba wa upande wa Butembo na Lubero wana maji ya baridi, samaki wao wanazaa kwa shida, na kila mwaka wanatafuta alevini. Shida ya mumoja ni mali ya mwingine. Barabara ya kutoka Beni mpaka Butembo ni zaidi ya kilomita 50 tu. Kikundi cha chini kikitenga bwawa moja dogo kwa uzazi, kwa kuchagua wazazi wakubwa, siyo vibete, kinaweza kuwauzia wa juu kwa hesabu na kwa bei iliyopangwa pamoja. Safari yenyewe ipangwe kulingana na usalama wa siku ile. Hakuna alevini anayelingana na maisha ya mutu.

Usalama unaingia tena hapa kwa njia nyingine. Tangu mauaji ya upande wa Beni yalipoanza mwaka 2014, jamaa nyingi za Oicha, Eringeti na vijiji vya karibu zilikimbia na kuacha mashamba. Mwenye kurudi anakuta bwawa limejaa majani na samaki vibete maelfu. Huyo asiseme amepoteza yote. Wale vibete, wakichaguliwa na kutiwa wachache mu maji mazuri, wanaanza tena kukomaa. Bwawa lililo karibu na nyumba pia linachungwa bila kwenda mbali mu pori.

Tunakumbusha pia ya zamani. Mwisho wa miaka ya 1950, mu Kongo ya wakati wa Wabeleji, mabwawa ya samaki yalikuwa yamepita 100,000. Baada ya hapo, sehemu kubwa iliachwa. Sababu zilikuwa nyingi, fujo za siasa zilikuwemo. Lakini wazee wengi walichoka kwa sababu ileile tunayoisikia leo: samaki wengi, wadogo, wasiouzika. Mabwawa yale yalichimbwa kwa amri, na hesabu ya samaki haikubaki mu mikono ya mwenye bwawa.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kiwe na kitabu kimoja cha bwawa. Kiandike mambo matano tu: urefu na upana wa bwawa, siku ya kutia, alevini wangapi, samaki wangapi waliovuliwa, na kilo ngapi. Mukigawanya kilo kwa samaki, mutajua uzito wa mumoja. Ukipata chini ya gramu 50, musome tena karatasi hii kabla ya kununua mbegu mpya.

Kazi ya mwezi huu ni ndogo: mukokote wavu mara tatu kama tulivyoeleza, muandike munachokiona, wa vimo vyote au wa kimo kimoja. Katika mukutano ujao wa kooperative, muje na majibu hayo pamoja na hesabu. Tutayaweka yote ku meza moja, wa joto na wa baridi, tuone nani ana alevini wa kuuza na nani anawatafuta.

Kazi njema, na maji mema.